Basi la Ghorofa Likistaafu: Yanayosemwa Kisumu na Yaliyo Kweli

Kila ikizuka habari ya kugeuza basi kuukuu la ghorofa kuwa hoteli ya samaki kule Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, maneno huwa mengi Kibuye na Kondele. Mengine yafaa yarekebishwe mapema, maana kuna kijana atakayetia akiba yake yote humo.

"Mabasi yakichakaa Uingereza hutupwa Afrika."
Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na basi la London likistaafu kwa kawaida limeshapita hapo. Mengi huishia kukatwakatwa kwenye yadi za vyuma chakavu karibu na Barnsley, hukohuko Uingereza. Tena yapo yaliyokwenda kinyume: mabasi ya ghorofa aina ya Dennis Dragon yaliyobeba abiria Nairobi miaka ya 1990 yalipelekwa Uingereza, yakaanza kazi upya Manchester.

"Injini ikifa, basi limekwisha."
Routemaster, aina ya basi la ghorofa la London, zilitengenezwa 2,876, zikikusudiwa kudumu miaka 17 hivi. Nyingi zilibadilishiwa injini miaka ya 1990, zikaendelea na kazi ya kila siku hadi Desemba 2005. Kilichoziondoa ni mlango wa nyuma ulio wazi: mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupanda, na lazima kondakta awemo. Zaidi ya 1,000 bado zipo. Kuna zinazobeba maharusi, kuna zilizogeuzwa mikahawa.

"Ghorofa ya juu italipindua."
Injini na ekseli ziko chini. Uingereza basi la ghorofa hujaribiwa kwa kuinamishwa nyuzi 28, juu likiwa na uzito wa abiria, na halipaswi kuanguka.

"Fundi anayegeuza kontena kuwa maduka ataliweza."
Hapa ndipo pesa hupotea. Ukipata basi lililo humu nchini tayari, tembea na sumaku ukiijaribu kwenye bodi kabla ya kulipa. Ikishika, ni chuma, na fundi wako ana kazi anayoijua. Isiposhika, huenda ni alumini kama ya Routemaster, iliyounganishwa kwa ribiti (pini zinazopigiliwa kushikanisha mabamba), na vijiti vya kuchomelea mageti havitaifaa. Wengine hukaza fremu ya chuma moja kwa moja juu ya alumini. Unyevu wa ziwa ukiingia katikati, alumini huliwa polepole: kwanza unga mweupe kando ya ribiti, kisha rangi hufura na kubanduka. Tenganisha metali hizo mbili kwa mpira, ndipo ukaze.

Paa nalo lisikatwe kwa pupa ili watu wapate upepo, kwani ndilo linaloshika kuta za juu zisitanuke. Jiko, mtungi wa gesi na tangi la maji vikae chini. Na kabla ya kulipandisha kwenye trela, mtu apite njia nzima akiangalia nyaya za stima: Routemaster peke yake, magurudumu yakiwa ardhini, ina urefu wa kwenda juu wa karibu mita 4.4.