Tarehe iko kitakoni: kusoma chapa za maganda na mabomu matupu ya vita

Swali tunaloulizwa zaidi hapa makumbusho ni "hiki ni cha mwaka gani?", na mara nyingi picha inayokuja nalo ni ya ubavu wa ganda, yaani kasha la baruti linalobaki kombora likisharushwa, uliosuguliwa mpaka unang'aa. Ubavu hautusaidii sana. Geuza ganda, tuonyeshe kitako.

Tuseme ni ganda la shaba la mzinga wa Kiingereza wa ratili 18, wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitakoni utakuta "18 PR", yaani aina ya mzinga. Namba ya Kirumi inayofuata ni toleo la ganda. Kuna herufi za kiwanda, kuna tarehe, na kuna mshale mpana unaosema hii ni mali ya serikali. "CF" maana yake ganda lilijazwa kodaiti, baruti ya kurushia kombora, kwa kipimo kamili. Maganda haya hayakutupwa baada ya kupigwa: mengi yalirudishwa, yakanyooshwa na kujazwa upya, na chapa zikaongezwa juu ya chapa. Kwa hiyo ganda la 1915 linaweza kuwa lilifyatuliwa mara ya mwisho mwaka 1918. Fataki, kipande kinachowasha baruti, iliyoskrubiwa katikati nayo ina tarehe yake, ambayo si lazima ilingane na ya ganda.

Hapo ndipo wengi hukosea. Chapa inasimulia habari za kipande ilichogongwa, haisemei kitu kizima. Ganda, kichwa cha kombora, fyuzi (kifaa kinacholipua kombora) na fataki vilitoka viwanda tofauti, pengine miaka tofauti, na wauzaji wa leo huviunganisha wapendavyo. Soma tarehe zote kisha ishike ile ya mwisho: kitu kilivyo sasa hakiwezi kuwa kiliunganishwa kabla yake.

Mtego wa pili ni kuchanganya mwaka wa muundo na mwaka wa kutengenezwa. Fyuzi ya Kijerumani yenye chapa "Dopp. Z. 92" ni ya muundo wa 1892, ingawa nyingi zinazookotwa zilitengenezwa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Bomu la mkono la Kijerumani lenye mpini, liitwalo 24, ni muundo wa 1924, na lilikuwa bado likitengenezwa katika vita vya pili. Wajapani wana hesabu yao: bomu la mkono la Aina ya 97 limepewa namba kutokana na mwaka 2597 wa kalenda yao ya kifalme, ambao ni 1937. Lakini tarehe ya kutengenezwa waliiandika kwa miaka ya utawala wa mfalme. Ukikuta mwaka wa Showa, yaani utawala wa Mfalme Hirohito, ongeza 1925. Showa 15 ni 1940.

Kwenye risasi ndogo mambo ni mazuri zaidi, angalau kwangu mimi. Kitako cha risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92 ya vita vya pili kina chapa nne kuzunguka fataki: kiwanda, madini ya ganda, namba ya fungu na tarakimu mbili za mwaka. "St" ni chuma. Jina la kiwanda lilifichwa ili adui asijue kinachotoka wapi. Mwanzoni ilikuwa herufi P na namba, baadaye herufi ndogo tupu. Ukiona "aux", ni kiwanda cha Polte cha Magdeburg. Kwa Wamarekani, usishangae kuona tarakimu moja tu, "4". Mwaka 1944 ulipoingia, baadhi ya viwanda vilichukua mihuri ya "43" na kuisaga ile 3, kuliko kuchonga mipya.

Rangi ni shahidi dhaifu. Bomu la mazoezi la Kijerumani lenye mpini lilipakwa nyekundu na kutobolewa matundu, lakini kopo la rangi na drili anavyo kila mtu. Maneno "Vor Gebrauch Sprengkapsel einsetzen", yanayomtaka askari aweke kilipushi kabla ya kutumia, leo huchapwa upya kwenye vitu vya kuigiza. Na hakuna chapa, rangi wala neno linalothibitisha kwamba kitu ni kitupu. Asidi ya pikriki, kilipuzi kilichojazwa katika makombora ya zamani hutengeneza chumvi kali ikikutana na metali, na chumvi hizo hulipuka kwa msuguano. Kama hakuna mtaalamu wa vilipuzi aliyekikagua, usikikwangue ili usome namba. Usikilete makumbusho, wala usikipeleke kituoni. Kiache hapo kilipo, rudi nyuma, waite polisi.

Kilichokwisha kukaguliwa kisomee kwa tochi iliyolazwa ubavuni, ili herufi zitoe kivuli. Zikififia, weka karatasi nyembamba na upitishe penseli juu yake. Brashi ya waya na dawa ya kung'arishia hula chapa.

Kuhusu maganda yaliyochongwa maua na majina ya viwanja vya Vita vya Kwanza kama Verdun au Ypres, tarehe ya kitakoni ni ya shaba. Maua yenyewe huenda yalichongwa miaka ya 1920, yakauzwa kwa wageni waliokwenda kuona makaburi.