Kola ya paka ikifunguka, haijaharibika

Jumamosi iliyopita, kabla sijamaliza hata chai, baba mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, aliingia kliniki ameshika kola ya paka kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mende.

"Daktari, hiki kitu ulichoniuzia ni kibovu. Nimekikuta kwenye seng'enge ya jirani. Paka karudi mtupu."

Nikamuuliza, paka mzima? Mzima. Anakula? Jana usiku kaiba dagaa za mama. Basi mzee wangu, kola yako imefanya kazi niliyokuuzia. Hakunielewa. Akanyoosha kidole kwenye kola za mbwa zilizoning'inia ukutani, zile pana za bizimu ya chuma, akasema anataka kama ile, "imara."

Huyo ni wa nne mwezi huu. Wote wamekuja na lalamiko moja, na wote wanataka kitu imara. Nimechoka kulieleza kaunta, naliandika hapa.

Kola ya mbwa ni imara kwa sababu wewe umeshika upande wa pili wa kamba. Paka hana mtu upande wa pili. Upande wa pili wa paka ni seng'enge, ni nondo ya dirisha, ni tawi la mgunga lenye miiba, ni uzio wa minyaa, na kwa wenzangu wa Hombolo na Mpunguzi ni zile waya za kutambazia zabibu. Paka hupita kichwa kwanza, anaruka, kola inashika kitu. Hapo kuna mambo mawili tu: kola iachie, au paka abaki ananing'inia usiku kucha. Kola nzuri ya paka ni ile inayomwachia. Nikipata inayoachia mapema zaidi, nitaiuza hiyo.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kweli. Nikisema "kola salama", watu wanasikia "ya kuvutika", ile yenye mpira. Wauzaji nao wanaiita salama. Si kitu kimoja! Ya kuachia ina klipu ya plastiki kama ya begi la mgongoni, ila meno yake ni mafupi na ya mviringo ili yateleze ikivutwa. Ya mpira haiachii chochote, inarefuka tu. Na inaporefuka ndipo balaa linapoanza. Paka hapendi kitu shingoni. Anainamisha kidevu, anaingiza mguu wa mbele aitoe, mpira unakubali, kiwiko kinapita. Kola sasa imekaa lubega: shingoni upande mmoja, kwapani upande wa pili. Hawezi kurudisha mguu. Anatembea nayo hivyo, na kila hatua mpira unasugua kwapa mahali palepale.

Mwaka jana niliandikia paka jike wa Chang'ombe kadi ya "amepotea siku tisa, amerudi anachechemea". Nilipomgeuza, harufu ilinifikia kabla macho hayajaona. Kidonda kwapani kingeweza kumeza kidole gumba changu, na katikati yake mpira wa waridi, bado una kengele. Mabuu niliwatoa kwa kibanio mmoja mmoja. Nilishona. Siku ya sita nyuzi zikaachia, maana kwapa halitulii na paka haambiwi apumzike. Nikashona tena, zikaachia tena. Ya tatu ilishika. Mwenye paka alilipa zaidi ya bei ya mbuzi kwa sababu ya kola aliyoinunua mnadani kwa bei ya soda mbili.

Kuhusu kamba ya kiatu, rababendi na kipande cha kitenge sitasema mengi, nitakasirika. Mnamfunga mtoto wa paka wa miezi miwili kwa mapenzi, mnasahau. Akifika miezi mitano shingo imekua, kamba haijakua. Manyoya yanaifunika. Mnakuja kuniambia "ananuka mdomo". Si mdomo.

Jinsi ya kujua klipu kama inaachia? Usiniamini mimi, wala maandishi ya pakiti. Funga kola, ining'inize kwenye msumari, tundika ndoo ndogo, mimina maji pole pole. Lita moja ni kilo moja. Paka wetu wa mtaani mkubwa ana kilo tatu hivi, wengi hawafiki nne. Ikifika lita tatu na klipu bado imeng'ang'ania, paka wako hataifungua kwa uzito wake. Kipimo hiki hakimo kwenye kitabu chochote, nimekibuni mwenyewe nyuma ya kliniki baada ya kuchoka kubahatisha, na kina kasoro zake: paka anayepapatika anavuta kwa nguvu zaidi ya uzito wake, na mtoto wa kilo moja hata kola nzuri haimwachii. Watoto wa paka nawakatalia kola kabisa. Katika kundi la mwisho la kola kumi nililoletewa, zote zimeandikwa salama, mbili hazikuachia hata ndoo ilipojaa. Nilizitia kwenye pipa la taka.

Kubana: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Ndivyo tulivyofundishwa. Vidole vya nani, hatukufundishwa. Fundi ujenzi akipitisha vyake viwili, mguu wa paka unapita pia. Tena paka akivalishwa hukaza shingo, ukimwachia analegea. Pima tena baada ya dakika kumi, na kila wiki baada ya hapo.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Kibaigwa aliniuliza kuhusu kengele. Mzee, paka umemweka ghalani akamate panya, halafu unamfunga honi? Kengele ni ya anayetaka kuokoa ndege, na hata hapo matokeo hayaelewani. Kuna tafiti zilizoona mawindo yanapungua, na kuna wa Uingereza uliochapishwa 2021 ambao kengele haikuleta tofauti ya kuonekana, wakati chakula chenye nyama nyingi na kucheza na paka kila siku vilipunguza.

Kola za viroboto haraka haraka. Yoyote iliyoandikwa ya mbwa, usimvalishe paka. Permethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo mbwa anaivumilia, humtia paka mtetemeko na degedege, na inaweza kumuua. Na aliyewashauri kuchovya kamba kwenye dawa ya josho la ng'ombe, mleteni hapa tuzungumze.

Kola pia si cheti cha chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka naye anachomwa, kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, na ushahidi wake ni kadi.

Je, avae au asivae? Nitasema ninachofikiri, na kwa nini sijiamini sana. Mimi naona walionaswa tu. Paka aliyerudishwa kwao kwa sababu jirani alisoma namba shingoni haletwi kwangu, kwa nini aletwe? Kwa hiyo macho yangu yana upendeleo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010, paka 538 walifuatiliwa miezi sita: karibu robo tatu walimaliza wakiwa na kola zao, na kama 3 katika kila 100 walipata mkasa, mguu kunasa au kola kukwama mdomoni au kwenye kitu. Wachache kuliko nilivyotarajia. Lakini ni paka wa Marekani na nyua za Marekani. Minyaa haimo.

Upande wa pili, mitaani kwetu paka asiye na alama ni wa kila mtu na si wa mtu. Na mwenye uzi mwekundu au kitambaa cheusi ni hatari zaidi: nimeletewa wawili waliopigwa mawe kwa sababu mtu alisema "huyu katumwa". Kola ya dukani ya rangi kali, yenye namba ya simu kwa wino usiofutika, haimtishi mtu. Chipu ya chini ya ngozi ni nzuri, lakini jirani wa Nkuhungu hana mashine ya kuisoma. Namba ataipigia.

Basi kola inayoachia, namba juu yake, avae. Ukikosa ya kuachia, mwache mtupu, mhasi, mchanje, na usiku mfungie ndani.

Haya yote nilimweleza yule baba wa Ilazo, na ndoo nikamfanyia. Maji yalipofika lita mbili, klipu ikafanya tak! ndoo ikaanguka, viatu vyake vikalowa. Alikaa kimya kidogo.

"Sawa daktari, nipe hiyohiyo," akasema. "Ila nichagulie isiyofunguka sana."