Je, wajua kwa nini simu ya intaneti hupiga vizuri lakini haipigiki?

Simu ya intaneti iko mezani ofisini, kimya. Ukiinua mkono wake ukapiga, inakwenda. Ukipigiwa, anayepiga anaambiwa hupatikani. Ukiizima na kuiwasha inaita vizuri, dakika 2 tu, halafu kimya tena.

Mimi niliyekuwa nikitunza seva, ya programu ya Kamailio inayounganisha simu za intaneti, nililaumu mtandao. Niliamini muunganisho wa TCP, yaani njia ambayo simu na seva huzungumzia, ni kama uzi wa watoto kati ya makopo mawili: ukikatika, kila upande utahisi umelegea. Kumbe uzi haupo. Muunganisho wa TCP waweza kukaa siku nzima bila pakiti (kifurushi cha data) hata moja kupita na bado ukahesabiwa hai, maana kilichopo ni kumbukumbu mbili tu, kama deni la dukani: mwenye duka ameliandika, nawe unalo kichwani. Akichana ukurasa, huenda usijue mpaka siku utakayokwenda dukani.

Katikati yupo wa tatu mwenye daftari: ruta, mlinzi wa getini. Anayetoka anaandikwa, ili majibu yake yakirudi yaruhusiwe kuingia. Asiyepita muda mrefu hufutwa. Muda gani? Mwongozo wa RFC 5382 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa mwaka 2008 unataka usipungue saa 2 na dakika 4, ila ruta nyingi hazina subira hiyo, na kila moja ina tabia zake.

Ukipiga, simu hufungua muunganisho mpya kutoka ndani, na mlinzi hana neno. Ukipigiwa, seva haina budi kupita kwenye ule uliofunguliwa simu ilipojisajili, yaani ilipoiambia seva inapatikana wapi. Mgeni wa nje asiyeandikwa haingii.

Kwetu aliyechana ukurasa alikuwa seva yenyewe. Kipengele cha tcp_connection_lifetime kisipowekwa, Kamailio hufunga muunganisho uliokaa kimya sekunde 120. Simu zetu zilijisajili kwa sekunde 3600. Kwa hiyo dakika 58 seva ilikuwa na anwani isiyo na njia. (Simu nyingine zikiona zimefungiwa hujisajili upya papo hapo, zetu hazikuwa na haraka.) Faili la mfano linalokuja na Kamailio limeandikwa 3605, yaani muda wa usajili na sekunde 5 za nyongeza. Niliufuta mstari huo mwenyewe, nikidhani ni makosa ya uchapaji.

Lakini 3605 hutengeneza daftari la seva tu. Kwa ajili ya mlinzi, RFC 5626 ya mwaka 2009 ina dawa ya ajabu: simu hutuma mistari 2 mitupu, baiti 4, na seva hujibu kwa mmoja, baiti 2. Tuliitega kila dakika. Mwenye maelfu ya simu aangalie pia tcp_max_connections, kikomo cha idadi ya miunganisho, ambacho kisipowekwa ni 2048, kwa kuwa miunganisho isiyofungwa hujazana. Sisi tulikuwa na simu 30.