Misimbo ya rangi kwenye BBS ni nini?

Msimbo wa rangi ni amri fupi inayowekwa katikati ya maandishi ili kuiambia skrini: kuanzia hapa, andika kwa rangi hii. Msomaji haioni amri, anaona matokeo yake tu. Ukiwa WhatsApp ukalizungushia neno nyota, *hivi*, likatokea limekolea, umetumia wazo lilelile. Alama na ujumbe vinasafiri pamoja, na programu ya upande wa pili ndiyo inayovitenganisha.

BBS, yaani ubao wa matangazo wa kompyuta, mara nyingi ilikuwa kompyuta ya mtu binafsi iliyounganishwa na laini ya simu nyumbani kwake. Unapiga namba, modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu) inapokea, unasoma ujumbe wa wenzako, unaacha wako, unakata simu ili mwingine apate nafasi. Ya kwanza kwa umma, CBBS, iliwashwa na Ward Christensen na Randy Suess mjini Chicago, Februari 1978. Kilichopita kwenye ile laini kilikuwa herufi, moja nyuma ya nyingine. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde, kwa hiyo skrini nzima ya safu 80 na mistari 25 ilichukua zaidi ya sekunde nane kujaa. Hapakuwa na njia ya pembeni ya kupitishia rangi. Ilibidi nayo ipande basi hilohilo la herufi.

Lugha iliyozoeleka zaidi kwa kazi hiyo ni ile inayoitwa ANSI, jina lililotokana na kiwango X3.64 cha Marekani cha mwaka 1979. Amri zake huanza na herufi namba 27 ya ASCII (orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake), Escape, ambayo haina umbo la kuonekana. Hufuatwa na bano la mraba, namba, kisha herufi m. Kama una kompyuta ya Linux karibu, fungua terminali ujionee mwenyewe:

printf '\033[31mHatari\033[0m, usiguse\n'

Hiyo \033 ni 27 kwa hesabu ya msingi wa nane. Namba 31 inaleta maandishi mekundu, na 0 inarudisha hali ya kawaida. Kwa jumla, 30 hadi 37 ni rangi za maandishi, 40 hadi 47 ni za usuli, yaani nyuma ya maandishi, 1 inakoleza, 5 inayafanya maandishi yawake na kuzimika. Unaweza kuziunganisha kwa nukta mkato: 1;33;44 ni njano kali juu ya buluu.

Sasa futa ile \033[0m halafu urudie. Neno "usiguse" nalo linakuwa jekundu, na wekundu utaendelea mpaka amri nyingine iuzime. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokwama, kwa sababu wanadhani msimbo ni wa neno moja. Msimbo ni kama bomba la maji: ukishalifungua, linatiririka hadi ulifunge. Kwenye BBS, mtu mmoja akisahau kufunga, jina la mwandishi anayefuata na hata menyu vingeweza kutokea kwa rangi yake.

Kwa nini basi watu wa BBS hawakuandika ANSI moja kwa moja kwenye ujumbe wao? Sababu ya kwanza ni kibodi. Kwenye vihariri vingi kitufe cha Esc kilikuwa na kazi yake tayari, mara nyingi kughairi au kutoka, kwa hiyo herufi namba 27 haikuandikika kirahisi. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo, ni kwamba si kila aliyepiga simu alikuwa na skrini ya rangi. Asiye na ANSI angeletewa takataka za aina ya [1;33m kila baada ya neno.

Kwa hiyo programu za BBS zikabuni vifupisho vyake. Renegade, na baadaye Mystic, zilitumia mstari wima na tarakimu mbili. Unaandika hivi:

|12Karibu |14Juma|07, una barua |155|07 mpya.

Kabla ya kutuma, BBS inatazama aliyepo upande wa pili. Ana rangi? Inageuza kila kifupisho kuwa ANSI kamili. Hana? Inavifuta vyote na kumpa sentensi tupu. Itazame vizuri ile |155. Si rangi ya 155. Ni |15, nyeupe kali, ikifuatwa na tarakimu 5 ambayo ni idadi ya barua. Ndiyo maana lazima tarakimu ziwe mbili, na kijivu cha kawaida huandikwa |07, kamwe si |7. Namba 00 hadi 15 ni za maandishi, 16 hadi 23 za usuli.

PCBoard ilikuwa na yake: @X1E, ambapo 1 ni usuli wa buluu na E ni maandishi ya njano. WWIV ilitumia herufi namba 3 ikifuatwa na tarakimu. Kwenye kompyuta za IBM herufi hiyo ilichorwa kama kopa la karata, na watu wakaiita misimbo ya moyo.

Kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: namba za ANSI na za vifupisho hivi hazilingani. Katika ANSI, ukiangalia tarakimu ya pili tu ya 30 hadi 37, nyekundu ni 1, kijani 2, buluu 4, na nyingine hupatikana kwa kujumlisha, kwa mfano nyekundu na kijani hutoa njano, 3. Kompyuta ya IBM iliweka buluu kuwa 1 na nyekundu kuwa 4. Mystic na PCBoard zilifuata IBM, kwa hiyo |04 hugeuzwa kuwa 31, na |01 kuwa 34. Kijani peke yake na zambarau zimebaki na namba ileile pande zote mbili, pamoja na nyeusi na nyeupe. Tena njano isiyokolezwa, |06, kwenye skrini za IBM ilitokea kahawia. Ukitaka njano yenyewe, andika |14.

Sababu ya tatu ya kutoandika ANSI moja kwa moja ni usalama. ANSI.SYS, faili iliyoiwezesha DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, kuelewa ANSI kuanzia toleo la 2.0 mwaka 1983, ilitii pia amri ya kubadilisha kazi za vitufe. Mtu mwovu angeweza kuficha ndani ya faili la maandishi amri ya kufanya kitufe kimoja kiandike agizo la kufuta mafaili. Ukilionyesha faili hilo kwenye DOS kisha ukabonyeza kitufe chenyewe, kazi yako imepotea. Waliliita bomu la ANSI. Kifupisho kama |12 hakiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa BBS inakigeuza kuwa rangi tu.

Mystic na Synchronet zipo hadi leo, ila sasa unaingia kwa telnet, yaani kupitia intaneti, badala ya simu. Synchronet hutumia Ctrl-A na herufi moja: Ctrl-A kisha H hukoleza, Ctrl-A kisha Y ni njano, na ukimaliza, Ctrl-A kisha N hufunga bomba.