Inflamesheni ya ubongo katika OCD: ni kitu gani, na inagusaje akili

Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili inapokutana na vijidudu, jeraha au seli zilizoharibika. Kidole kilichochomwa na mwiba huvimba na kupata moto. Ndani ya ubongo wa mtu mwenye OCD (ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kujirudia) usitafute dalili hizo: hakuna homa wala usaha, na kwa kawaida picha ya MRI haionyeshi lolote. Kinachodhaniwa kubadilika ni maikroglia, seli za kinga za ubongo wenyewe, ambazo humwaga kemikali zinazoitwa saitokini. Seli hizo pia hupogoa viungio vya neva, kwa hiyo zikichachamaa mawasiliano ya neva yanaweza kuvurugika.

Mwaka 2017 watafiti wa Toronto walilinganisha kwa picha za PET, zinazoonyesha kemikali ndani ya ubongo, watu 20 wenye OCD na 20 wasio nayo. Alama ya protini ya TSPO, inayoongezeka maikroglia zinapoamka, ilikuwa juu kwa takriban theluthi moja kwenye gamba la ubongo lililo juu ya macho, na kwenye kodeti na thalamasi, sehemu mbili za ndani ya ubongo. Huo ndio mzunguko unaohusishwa na OCD: mlango umefungwa, mtu ameuona umefungwa, lakini hisia ya "imetosha" haiji. Tahadhari ni kwamba TSPO hupatikana pia kwenye seli nyingine za ubongo, na watu 20 ni wachache.

Kwenye damu mambo hayanyooki. Tafiti za saitokini hupingana, kwa sababu dawa, unene, sigara na usingizi vyote huzipandisha au kuzishusha. Anayekuuzia kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda palipo na inflamesheni, ili "kuthibitisha OCD" anakula hela yako. CRP hupanda hata kwa malaria au jino bovu.

Je, akili? Uwezo wa jumla kwa kawaida hubaki salama. Tofauti, ndogo hadi za wastani, huonekana katika kupanga, kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine, na kuzuia tendo lililokwisha kuanza. Kuna jaribio la kunakili mchoro wenye mistari mingi kisha kuuchora tena kwa kumbukumbu. Wengi wenye OCD hunakili kipande kwa kipande bila kushika umbo zima, ndiyo maana baadaye wanaukumbuka vibaya. Tatizo hapo ni mpangilio zaidi kuliko kumbukumbu. Saitokini zingeweza kuchangia, maana huelekeza triptofani, kijenzi cha protini, kwenye njia ya kikemikali iitwayo kinurenini, ambayo mazao yake hugusa glutameti, kemikali ya mawasiliano ya neva. Ila sonona na kukosa usingizi huleta udhaifu huohuo, na mara nyingi huandamana na OCD.

Kwa watoto kuna sura ya pekee, PANDAS, iliyoelezwa mwaka 1998 kutokana na watoto 50: dalili huibuka ghafla baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokoka, mara nyingi ya koo. Mtoto wa namna hiyo apimwe koo mapema.

Matibabu ya kwanza hayajabadilika: tiba ya kukabili hofu bila kufanya tendo la kujirudia, au dawa za kundi la SSRI (zinazotumika pia kwa sonona), ambazo hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa kuwa zimeshindwa. Dawa ya maumivu selekoksibu, inayotuliza inflamesheni, imejaribiwa kama nyongeza katika majaribio madogo. Usijinunulie dukani: dawa za jamii hiyo zinaweza kuumiza figo, na zikichanganywa na SSRI hatari ya tumbo kutoa damu huongezeka.