Mistari sita ya mhitimu bora

Ombi lile la tuzo ya mhitimu bora lilikaa mezani kwangu tangu asubuhi, na kila nikilirudia nilizidi kuumia. Mhitimu wa sayansi ya mazingira, GPA (wastani wa alama za chuo) 4.6 kati ya 5, mtoto wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Pale alipotakiwa aeleze alichokifanya nje ya darasa aliandika mistari sita: ana bidii, ana nidhamu, anapenda kushirikiana na wenzake, anamcha Mungu, anaipenda nchi yake, anaomba apewe nafasi.

Nilimjua yule binti. Nilijua kwamba kwa miaka miwili, kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, alikuwa akishuka pwani na mama yake huku amechukua kipimajoto, akiandika joto la maji kwenye daftari, kwa sababu mwani wa kina mama wa kijiji chao ulikuwa unakufa na yeye alitaka kujua kwa nini. Kwenye ombi lake hamkuwa na neno hata moja kuhusu daftari lile. Na kanuni ya kamati yetu ni kwamba hatusemi kisichokuwemo kwenye karatasi, hata kama mmoja wetu anakijua. Hakuchaguliwa.

Nimekaa kwa miaka kadhaa kwenye kamati zinazochagua wanafunzi na wahitimu bora, nyengine za hapa nyumbani na nyengine za wafadhili wa nje, na nimesoma maombi ya vijana wa Unguja na Pemba yasiyo na idadi. Wengi wanaoanguka hawaanguki kwa uchache wa akili wala wa kazi. Wanaangushwa na malezi mema. Tumewalea wajue kwamba mtu hajisemi, kazi ndiyo inayomsema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa sana mtaani, ambako kila mtu anamwona mwenzake toka asubuhi mpaka usiku. Kwenye chumba cha kamati haifai, maana hakuna jirani yako hata mmoja mle ndani. Wapo watu watano wasiokujua, na mbele yao kuna rundo la karatasi.

Kwanza lazima ujue ni tuzo ya aina gani unayoiomba, kwa sababu zipo zinazopima alama na zipo zinazompima mtu. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni wa aina ya kwanza: unawaangalia waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Mtihani ukishakaa vizuri, hakuna insha itakayokuongezea. Zawadi nyingi zinazotolewa siku ya mahafali nazo ni hivyo hivyo: mwanafunzi bora wa skuli fulani, wa somo fulani, jina linasomwa, unapanda jukwaani, mama anapiga vigelegele.

Aina ya pili ndiyo inayotusumbua. Mfano wake wa zamani ni tuzo ya Rhodes, ya kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Inatokana na wosia wa Cecil Rhodes, aliyefariki 1902, mkoloni wa Kiingereza ambaye historia yake inaiuma Afrika mpaka leo, na wanawake hawakuanza kuipata mpaka 1977. Siku hizi vijana wa Afrika Mashariki nao wanaiomba. Wosia ule haukuishia kwenye masomo: ulitaka pia ukweli, ujasiri, kutimiza wajibu, kuwahurumia wanyonge, na moyo wa kuongoza wenzako. Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983, inadai uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wao wanahesabu saa 2,800, na ukimaliza masomo urudi kwenu ukae miaka miwili. Ukiyatazama masharti haya utaona kwamba yanauliza swali moja: umewafanyia nini watu, na utawafanyia nini ukirudi? Swali hilo transkripti, karatasi ya matokeo ya chuo, haiwezi kulijibu.

Sisemi GPA haina kazi. Daraja la kwanza kwetu linaanzia 4.4, na daraja la pili la juu linaanzia 3.5 mpaka 4.3. Kamati nyingi huchora mstari mahali fulani na walio chini yake hawasomwi kabisa. Lakini ukishauvuka, 4.6 yako inakaa meza moja na 4.5 ya mwenzako na hakuna anayeshughulika tena na tofauti ile, kwa sababu kila mtu mle ndani anajua kwamba chuo na chuo havisahihishi sawa, na fani na fani hazilingani ugumu. Wahitimu wa udaktari wa binadamu, kwa mfano, shahada yao haina madaraja kabisa. Daktari kijana hawezi kuandika kwamba ana daraja la kwanza hata akiwa ndiye aliyewashinda wote darasani. Yeye hana budi kutafuta ushahidi mwengine.

Ushahidi ndilo neno ninalowahimiza wanafunzi wangu walishike. Anayejisifu anataja sifa: mimi hodari, mimi mwaminifu, mimi kiongozi. Anayetoa ushahidi anataja tendo, mahali, muda, na kilichobadilika, kisha ananyamaza na kumwachia msomaji ahukumu. Mbele ya kadhi shahidi hasemi "mimi mkweli". Anasema alikuwa wapi na aliona nini. Hiyo si majivuno, na sijamwona mzee wa hapa kwetu anayeikataza. Kijana anayeficha jambo la kweli alilolitenda anainyima kamati haki yake ya kujua.

Nirudi kwa binti wa Jambiani. Pwani ile ya mashariki ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia, mwaka 1989. Mwani mnene, ule wanaouita kotonii, una bei nzuri kuliko mwembamba lakini haustahimili maji ya moto ya karibu na ufukwe, na wanaoumia ni wanawake, kwa sababu wakulima wengi wa mwani ni wao. Mtu wa kamati aliyetoka mbali hayajui haya. Yule binti angeandika hivi: "Mwani mnene wa kikundi cha mama yangu ulipoanza kufa, nilipima joto la maji kila bamvua kwa miaka miwili. Niliwasomea kina mama vipimo vile, na wanne kati yao wakahamishia kamba zao za mwani kwenye maji ya kina." Sentensi mbili. Hamna sifa hata moja ndani yake, na mwenye kusoma anaiona bidii, anauona uongozi, anaiona sayansi na anayaona mapenzi ya nchi bila ya kutajiwa.

Nilipomwita baadaye nikamuuliza kwa nini hakuliandika daftari, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, hilo nalo la kuandikwa? Si nilikuwa namsaidia mama tu?"

Kosa la pili ni letu sisi walimu, nalo linanikera zaidi kwa sababu mwanafunzi halioni. Barua ya mdhamini, ambamo mwalimu anamweleza mwanafunzi wake kwa kamati, hufungwa na kutumwa bila ya mwanafunzi kuisoma. Nimesoma barua zisizohesabika zinazosema: namfahamu kwa miaka mitatu, ni mtiifu, mchapakazi, hana tabia mbaya, namtakia kila la kheri. Mwandishi alikusudia wema. Lakini kamati ikisoma barua kama hiyo inaelewa kwamba mwalimu huyu hamjui mwanafunzi wake, au anamjua na hana la kusema. Na hilo neno "mtiifu", ambalo kwetu ni sifa kubwa ya mtoto, linasomwa vyengine kabisa na watu wanaotafuta atakayeongoza. Nami niliwahi kuandika barua za namna hiyo, usiku wa mwisho, zikiwa tano kwa mkupuo, jina tu likibadilika. Ninajua kwamba niliwadhuru vijana waliokuwa wananiamini.

Barua inayosaidia inamlinganisha mtu na wenziwe: kwamba kati ya wote niliowasimamia utafiti, huyu ni wa wawili au watatu wa mwanzo, na sababu ni hii. Inasimulia tukio moja ambalo mwandishi alilishuhudia. Ili mwalimu aweze kuandika hivyo, mwendee wiki tatu kabla, siyo siku tatu, na umpelekee karatasi moja: somo alilokufundisha na mwaka gani, kazi uliyomfanyia, tuzo inatafuta nini, tarehe ya mwisho. Usione haya. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hakumbuki kwamba ni wewe uliyeuliza swali lile zuri Mei ya mwaka juzi.

Halafu kuna usaili. Adabu yetu inamtaka kijana ainamishe macho mbele ya wakubwa, azungumze kwa sauti ya chini, na aseme "tulifanya" hata pale alipofanya peke yake. Mgeni anayaona macho yaliyoinama anadhani ni woga, na akisikia "tulifanya" anadhani kazi ilikuwa ya mtu mwengine. Nakumbuka kijana mmoja wa Micheweni aliyekuwa akisomesha hisabati jioni, bila malipo, kwa watoto waliojiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Alivuka kwa boti kutoka Pemba kuja kwenye usaili, hajalala. Alisema: "Tulianzisha darasa." Mjumbe mmoja akamuuliza: "Nyinyi akina nani?" Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini: "Mimi na wale watoto." Chumba kizima kikatulia. Alichaguliwa, na nina hakika jibu lile ndilo lililomvusha. Lakini aliulizwa. Wengine hawaulizwi, na "tulifanya" yao inabaki hapo hapo.

Kumshukuru Mungu kwanza ni jambo letu na wala sitamwambia mtu aliache. Shukuru, kisha endelea kueleza ulichokifanya kwa mikono yako. Wengi wanaishia kwenye shukrani.

La mwisho ni dogo lakini limewatoa machozi watu wazima. Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina jina la babu, pasipoti haina. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Kwetu ni mtu mmoja, kwa mfadhili ni watu watatu. Anza kuyasawazisha ukiwa mwaka wa pili, kwa kiapo cha jina ikibidi, maana ukisubiri barua ya kukubaliwa ifike ndipo uanze kuzunguka maofisini, muda utakuwa umekwisha. Na transkripti iombe mapema hivyo hivyo.

Mwaka huu nimewataka wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho kila mmoja aniletee orodha ya mambo aliyoyafanya ambayo hayamo kwenye matokeo yake, hata yale anayoyaona si kitu. Wengine wameleta nusu ukurasa wakisema hawana la kuandika. Nimewarudishia, waende wakawaulize mama zao.

Na yule binti wa Jambiani ataomba tena. Alikuja ofisini Jumatatu baada ya sala ya alasiri, daftari amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Limeingia maji ya chumvi pembeni na kurasa zimegandana, lakini tarehe zinasomeka. Tumeanza na ukurasa wa kwanza.