Mgongo Umepinda, Pingili Ni Nzima

Nikiweka picha ya eksirei kwenye taa, wazazi huniuliza ni pingili ipi iliyoharibika. Nawaelewa. Kwetu kibiongo mara nyingi huletwa na kifua kikuu cha mifupa, ambacho kweli hula pingili, na lazima nikiondolee shaka kwanza. Lakini kwa mvulana mwenye Duchenne, ugonjwa wa kijeni unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, kilicholegea ni misuli.

Namwambia akae sakafuni, kisha anyanyuke. Anageuka, anashika chini kwa viganja, anainua makalio, halafu anapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono kama anayekwea mnazi. Vigimbi vyake vimejaa kama vya mcheza mpira, ila havina nguvu.

Hitilafu iko kwenye jeni ya kutengeneza protini iitwayo distrofini, jeni iliyomo katika kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama. Protini hii hufunga nyuzi za ndani ya seli ya msuli kwenye utando wake. Isipokuwepo, msuli ukikaza utando huchanika, seli hufa, na mafuta na makovu huchukua nafasi yake.

Sasa fikiria mlingoti wa jahazi ambao kamba zake zinalegea. Mtoto akishaacha kutembea, hushinda kwenye kiti cha magurudumu, nyonga ikalalia upande mmoja na mgongo ukapinda kama herufi C, hasa miaka ya balehe. Mbavu hubana mapafu yaliyokwisha kudhoofika. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko umbo.

Naona familia zikitumia pesa nyingi kununua mikanda ya mgongo. Kwa Duchenne mkanda hauzuii kupinda. Tafadhali msiuze mbuzi kwa ajili yake. Dawa ya prednisoloni hairekebishi jeni, lakini huongeza miaka ya kutembea, na watoto wanaoitumia hupinda mgongo kwa nadra kuliko zamani. Ukipinda hata hivyo, tunanyoosha kwa vyuma na skrubu, mapema, moyo na mapafu vikiwa bado vinahimili nusukaputi.

Baba akitoka nje kupokea simu, mama huuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, ni mimi niliyempa?" Namweleza kwamba takriban theluthi moja ya watoto hawa hawakurithi, hitilafu imeanza kwao. Na hata kama imepitia kwake, hakuna alichokosea. Kisha namuuliza kama nyumbani mtoto huyu ana mdogo wake wa kiume, na kama ameshaanza kutembea.